Saa Sita Mgongoni

Tiki-tiki-tiki. Katika sauti zote za mwaka ule, hiyo ndiyo iliyobaki masikioni mwangu, sauti ya gurudumu la nyuma la baiskeli ya Tekla. Kengele haikuwa nayo, ilibaki skrubu tu. Nazungumzia ule mlio unaotoka pale mtu anapoacha kukanyaga pedali na kuliacha gurudumu lijiendee lenyewe, mafundi wanauita friwili. Baiskeli zote zinalia hivyo, lakini ya Tekla, ile ndefu nyeusi ya Kichina aliyokuwa akishushia mboga kutoka mlimani, ilikuwa haijui mafuta, ikawa inalia kama choroko zinazomwagwa taratibu kwenye sinia. Nikiwa mbele yake barabarani sikuwa na haja ya kugeuka. Kukiwa kimya, najua anakanyaga. Nikisikia choroko, najua anateremka, au amechoka, au ameona kitu na anataka tusimame. Hiyo ya tatu nilijifunza nikiwa nimeshachelewa, na ndiyo inayonifanya niandike.

Mwezi uliopita Tekla alinipigia simu kutoka Turiani. Hatukuwa tumeonana miaka mingi, ni salamu za sikukuu tu, yeye ananitakia Idi njema na mimi namtakia Krismasi njema, kila mmoja akiweka na picha ya maua. Safari hii hakuandika, alipiga. Alisema, "Zai, mama ametutoka," na nyuma yake nikasikia mashine ya kukoboa mpunga inaunguruma kama ile ya kusaga iliyokuwa nyuma ya chumba chetu. Nikajiona nimerudi palepale Mwembesongo, nina miaka ishirini, natoa jasho, nina furaha isiyo na sababu.

Habari za kwetu siziweki hapa, hazina msaada. Itoshe kusema niliacha shule kidato cha pili, nikawa nachoma chapati asubuhi na kuziuza sokoni, na Tekla alikuwa akiteremka na matenga ya karoti na kabichi mara mbili kwa wiki. Alikuwa ananunua chapati mbili, anakula moja, ya pili anaifunga kwenye kona ya kanga ampelekee mama yake. Siku moja mvua ilimzuia asipande, nikamwambia alale kwangu. Mwaka huo hakuondoka tena, ila kwenda kuchukua mboga na kurudi. Chumba kilikuwa cha kitanda kimoja, dirisha moja lenye wavu uliotoboka, na ukuta mwembamba kiasi kwamba tulijua jirani akigeuka upande gani. Jirani yetu, mama mmoja mshona nguo, alikuwa na kawaida ya kutusema kwa mumewe akidhani hatusikii. Kwamba yule mfupi anaota mchana. Kwamba yule mrefu ana akili lakini ameshikwa na yule mfupi. Mfupi ni mimi. Tulikuwa tunaziba midomo kwa mto tusicheke.

Jioni tulikula kile kilichobaki kwenye tenga. Kabichi iliyochubuka, karoti zilizovunjika, maharage yaliyobandikwa tangu mchana kwenye jiko la mkaa huku tukipokezana kuongeza maji. Baada ya kula ndipo tulipokuwa tunajenga ile biashara yetu. Kule kwao kuna watu walishaanza kulima stroberi, na stroberi haivumilii barabara ya mawe juu ya baiskeli yenye keria ya chuma. Ukiteremka na kikapu, unafika mjini na uji. Mimi nilikuwa na hakika kwamba tukipata baiskeli mbili za gia, zile za tairi nene zinazomeza mawe, tutazifikisha nzima, tutauza kwenye nyumba za wageni, tutafungua kibanda, kibanda kitakuwa na rangi ya kijani na meza moja ya watu kukaa. Tekla alikuwa anasikiliza huku anachokonoa meno. Akiona nimefika mbali sana anasema, "Zai, hebu rudi kwenye meza." Basi narudi kwenye meza, tunaichagulia kitambaa.

Lakini kulikuwa na mjomba. Kwa Waluguru, mjomba akisema neno, baba anakohoa tu. Mjomba wa Tekla alikuwa na duka na vijaruba vya mpunga huko Turiani, na mkewe alikuwa hajiwezi mgongo. Alikuja kututembelea kabla ya mavuno, na kiroba cha mchele begani, akaketi mkekani, akasifia chai yangu. Nilitaka awe mtu mbaya nimchukie, akakataa kuwa mbaya. Mimi nikajifanya naosha vyombo uani, nikasikia yote. Alimwambia Tekla kwamba hamlazimishi, lakini mama yake hana mwingine wa kumtegemea, na kushusha karoti kwa baiskeli si maisha ya mtu mzima. Mavuno yakiisha atakuja kumchukua akashike duka. Isipokuwa, alisema, kama atakuwa na kazi yake ya kueleweka, kitu ambacho mtu anaweza kukionyesha kwa mkono. Tekla akajibu, "Nimesikia, mjomba." Nilibaki nimeinama na sufuria, nimeisugua mpaka imeng'aa kuliko siku iliyonunuliwa.

Ndiyo maana lile gari la matangazo lilipopita mtaani, kiangazi kilipoanza, mimi nilitoka na unga mikononi nikalikimbilia. Watu fulani wapenda baiskeli kutoka Dar walikuwa wanaandaa mbio za watu wa kawaida, za milimani, Jumapili. Kutoka mjini kupitia Bigwa na Kiroka hadi Mkuyuni, kupanda mpaka kwenye mnara wa simu ulio juu ya kijiji cha kina Tekla, kisha kurudi. Kulikuwa na zawadi za wanaowahi, hizo hazikutuhusu. Lakini kulikuwa na zawadi ya wanawake wanaokimbia wawili wawili, na hiyo hashindi anayewahi. Kabla ya kuondoka mnasema wenyewe mtafika saa ngapi. Saa na simu mnaacha mezani. Muda mliosema unaandikwa kwenye kitambaa, mnakivaa mgongoni. Watakaofika karibu zaidi na muda wao ndio washindi, hata wawe wa mwisho kabisa. Zawadi yenyewe ilikuwa imefungwa juu ya gari, naiona: baiskeli mbili za gia, tairi nene, moja nyekundu na moja ya bluu.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni walitufanyia mzaha wiki nzima. "Dada Zai, waambie wakuandikie saa mbili usiku, ukichelewa utakuwa umewahi." Mwingine anasema niandike Jumatatu. Mimi nilikuwa nacheka nao, maana nilijua hawajui kwamba jambo hili si la miguu. Ni la kujijua. Nani anayejua mwendo wake kuliko mtu aliyeshusha karoti kwenye barabara hiyo hiyo tangu anasoma shule ya msingi?

Tulipanda mara mbili kwa majaribio, mimi juu ya baiskeli yangu kuukuu ya kubebea chapati, na hapo ndipo nilipokosea, kwa jinsi ambayo mtu wa tambarare tu ndiye anaweza kukosea. Tekla alikuwa nyuma akiongea na watu wake, mimi natangulia nikiuliza kila ninayekutana naye. Shikamoo mama, mpaka kanisani bado mbali? "Marahaba mwanangu, wala, ni hapo kwenye kona." Shikamoo babu, mpaka mnarani? "Umeshafika, mjukuu wangu, hapo ni kuvuta pumzi mara mbili." Nikazibeba kona zote na pumzi zote kichwani kama mtu anayeokota zawadi. Sikuelewa kwamba kule mlimani mtu anayepanda haambiwi kuwa bado mbali. Kumwambia ni kumwongezea mzigo begani, na nani anamwongezea mzigo mtu aliyemwamkia vizuri? Wanakupa maneno kama wanavyokupa maji. Ni heshima, si kipimo. Mimi nikayafanya kipimo.

Siku ile ya pili ya majaribio tulikula kwa mama yake. Jiko lao lilikuwa kibanda cha pembeni, moshi umepaka dari rangi ya kahawa, na kuna kigoda kimoja ambacho mgeni lazima akalie hata akikataa. Mama Tekla alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene isiyofanana na mwili, alikuwa anaimba kwaya. Alitupikia magimbi ya nazi na maharage, akanitazama ninavyokula, akamwambia binti yake, kana kwamba sipo, kwamba huyu mtoto anakula vizuri, mlete tena. Nikamuahidi kwamba siku ya mbio nitapita nikimpungia mkono kama rais. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Usiku wa kuamkia mbio tulilala mapema, ila kabla ya hapo tulizozana kidogo. Tekla alisema tuandike saa saba. Mimi nikamhesabia zile kona za wazee, nikamwonyesha kwamba inatoka saa sita kamili. Alicheka. Alisema, "Zai, wale wanakupenda tu." Nikadhani ananitania. Nikamwambia saa saba ni muda wa watu waliokata tamaa, kwamba miguu ya kesho si miguu ya majaribio, kesho tutakuwa na furaha. Akasema, "Na tukitaka kula njiani?" Nikamwambia hatuli njiani. Akageukia ukutani. Jirani upande wa pili alikuwa anamwambia mumewe kwamba kesho watoto wale watajiua.

Asubuhi pale mezani mama mmoja mwenye kalamu nene alituuliza, "Haya wanangu, mnafika saa ngapi?" Alimwangalia Tekla kwa sababu ndiye mrefu. Tekla akaniangalia mimi. Sijui sura yangu ilikuwaje. Nakumbuka nilikuwa narukaruka kwa baridi na kwa raha, nimefunga kilemba cha rangi ya chungwa ili nionekane kwa mbali. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeshika puto. "Saa sita kamili," akasema. Nikamkumbatia mbele za watu. Wakatubandika saa sita mgongoni, tukaondoka jua linachomoza nyuma ya mashamba ya mkonge.

Siwezi kusema uongo, zile zilikuwa saa nzuri kuliko nyingi nilizoishi. Kiroka watu walitoka milangoni na miswaki midomoni. Walikuwa wanasoma migongo yetu kwa sauti, "Saa sita! Hawa saa sita!" na kila mmoja akituhakikishia kwamba tuko vizuri, tumewahi, hata tukitaka tupunguze. Mkuyuni sokoni mama mmoja alinipa ndizi nikiwa kwenye mwendo, nikala kwa mkono mmoja. Niliimba. Sina sauti, lakini niliimba taarabu, nikaimba na nyimbo za harusi, na mpando ulipokuwa mkali nilishuka na kusukuma, naimba huku nahema. Tulipopita kanisani kwaya ilikuwa imepamba moto humo ndani, ngoma na vigelegele, nikamwambia Tekla, "Sikia, mama anatuimbia." Alikubali kwa kichwa. Kutoka pale kwenda mnarani zile pumzi mbili zilikuwa nyingi sana. Cheni yangu ilitoka, tukairudisha, ikatoka tena. Juu kabisa tuligongewa muhuri mkononi, tukanywa maji, nikatazama chini nikaiona Morogoro ndogo kama vitu vilivyosahauliwa mkekani. Nikauliza saa. Yule wa muhuri akasema hairuhusiwi kutuambia, akatabasamu. Nikalichukua lile tabasamu kuwa ndiyo jibu.

Kwenye kuteremka tulipita tena kanisani. Kulikuwa kimya. Barabarani watu walikuwa wamejaa, wanaume wamevaa makoti, akina mama vitenge vilivyopigwa pasi, watoto na soksi nyeupe, wote wanateremka pembezoni mwa barabara na wanatupungia. Nilijisikia malkia. Nilijisemea moyoni, watazame watu wa mlimani walivyo na utu, wamevaa nguo zao nzuri kabisa kwa ajili ya kutushangilia. Mimi nilikulia kwenye mtaa wa adhana. Jumapili kwangu ni siku ya chapati nyingi, basi.

Na chini kidogo, kwenye jiwe kubwa lililo mbele ya njia ya kwenda kwao, alikuwa amesimama Mama Tekla. Alivaa sare ya bluu yenye kola nyeupe, rozari shingoni, na mikononi ameshika bakuli la bati lililofunikwa kwa sahani na kufungwa kwa kanga, mvuke unatoka pembeni. Nilifikiri: jamani, hata yeye amejipamba. Hapo ndipo nikasikia choroko zinamwagika nyuma yangu. Tiki-tiki-tiki. Tulikuwa kwenye sehemu tambarare, si mteremko. Tekla alikuwa ameacha kukanyaga.

Nilishika breki kidogo tu, mguu mmoja ukagusa chini. "Mama shikamoo! Tumechelewa?"

"Marahaba wanangu. Wala hamjachelewa. Mko karibu kabisa."

"Basi tutakula tukirudi!"

Akainua bakuli kidogo, kama mtu anayemwonyesha mtoto kitu. "Mtarudi lini?"

"Jumapili ijayo, mama. Na baiskeli mpya!"

Akasema, "Haya, nawasubiri." Nikampungia mkono kama rais, kama nilivyoahidi, akacheka. Choroko nyuma yangu ziliendelea kumwagika muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Kisha zikakoma. Tekla alikuwa ameanza tena kukanyaga.

Tulifika mjini saa saba na ushei. Vibanda vya maji vilikuwa vinafungwa. Waliochukua zile baiskeli walikuwa mawifi wawili wanene na wachangamfu, walioandika saa nane, wakasimama Kiroka kunywa madafu, wakasimama Bigwa kumsalimia mtu aliyejifungua, wakaingia na saa nane yao kama watu wanaorudi harusini. Niliwapigia makofi, kwa sababu walistahili, na kwa sababu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Tekla alinisaidia kutoa pini za kitambaa mgongoni. Nilimwambia kama tungeandika saa saba, ile yako, tungekuwa karibu kama hao. Akasema, "Tungekuwa." Akakikunja kitambaa changu, akanipa. Njiani kurudi chumbani nililia, yeye akasukuma baiskeli zote mbili.

Mjomba alikuja siku chache baadaye, na tena hakuwa mtu mbaya. Alimletea mama mshona nguo mchele, akanisihi niende Turiani kusalimia. Tekla aliniachia sufuria na nusu gunia la mkaa. Jumapili ilifika. Niliamka, nikavaa, nikaishika baiskeli yangu, nikaona aibu. Niende peke yangu, nimkalie yule mama kwenye kigoda nikimkumbusha kwamba binti yake hayupo, na baiskeli mpya haipo? Nikasema Jumapili nyingine. Mtu aliyezoea kuota ana hasara moja, anaona kila kitu bado kiko mbele yake, kinangoja. Jumapili ile nyingine ikawa mwaka, nikaolewa, nikapata binti, nikafungua kibanda kweli, cha chapati na supu, nacho ni cha kijani. Hata baiskeli ya gia ninayo, niliinunua mwenyewe, imetumika lakini nzima. Kila nilipotazama mlima kutoka kibandani, na Morogoro huwezi kutoka nje usiutazame, nilimwona Mama Tekla kama mtu aliye chumba cha pili ambaye nitamfuata nikimaliza ninachofanya.

Basi nilipanda msibani kwa baiskeli hiyo. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa maua, wanakwaya wenye sare za bluu walikuwa wameketi wamechoka. Tekla amenenepa, ana mvi mbili tatu mbele, anasema ni za duka. Tulikumbatiana. Kesho yake alasiri tuliketi nyuma ya lile jiko tukichambua mchele wa wageni, na kwa kuwa misiba ina vicheko vyake, tukaanza kukumbushana. Jirani mshona nguo. Vijana wa bodaboda. Kilemba cha rangi ya chungwa. Nikamwambia kitu ambacho siku zote kilinigusa, kwamba mama yake siku ile alijipamba kwa ajili yetu, na kijiji kizima kikajipamba.

Tekla akaacha kuchambua. Akanitazama, akatabasamu, kisha tabasamu likafa lenyewe.

"Zai, wewe hukujua? Walikuwa wametoka misa ya pili. Mama alikuwa ametoka kuimba. Kama tungekuwa tunakwenda na saa sita, tungeteremka hapa yeye bado yuko kanisani. Aliniambia kabisa kwamba tukiwahi hatatuona. Alipotoka akasikia hatujateremka, akakimbia kwenda kuchukua chakula."

Mchele ulikuwa kwenye ungo mapajani mwangu. Niliuangalia. Nikauliza, kwa hiyo ulijua.

"Tangu kanisani. Kulivyokuwa kimya nilijua saa yetu imeshakwenda."

"Na mama?"

"Mama alijua kabla yangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie ili iweje? Ulikuwa unaimba." Alirudi kwenye mchele wake, akatoa kijiwe, akakitupa. "Mimi nilidhani utasimama. Niliachia baiskeli nikasema akisimama, tunakaa, tunakula, basi. Ulivyosema Jumapili ijayo nikaona ni sawa, bado tutakula."

Aliendelea mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayenisimulia habari za mtu mwingine. Kwamba lile bakuli mama yake hakulifungua siku ile mpaka jua lilipokuwa linazama, akidhani labda mbio zikiisha tutabadili mawazo na kurudi siku ileile kula. Kwamba Jumapili iliyofuata alipika. Kwamba miaka yote, Tekla alipokuwa akija kumwona kutoka Turiani, ilikuwa lazima aulize yule mwenzio anayekula vizuri amesema atakuja lini, na Tekla alikuwa akimjibu yuko njiani, mama, yuko karibu. Tekla aliposema hivyo alisita, akajisikia mwenyewe, tukatazamana. Ndivyo wanavyosema kule. Alimwambia mama yake kile ambacho mama yake aliniambia mimi.

Tangu siku hiyo nimejaribu kukasirika, sijapata wa kumkasirikia. Wazee wa kwenye kona walinipenda. Tekla alinipenda akatamka saa sita. Mama alinipenda akaficha misa nzima nyuma ya bakuli la magimbi. Wote walinilinda nisijue kitu kidogo, kwamba mbio zimeshapotea, na mimi kwa kutokujua nikaipita meza pekee ya siku ile iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili yetu. Baiskeli zile siziwazi tena. Hata hilo la Tekla kwenda Turiani nimeshalizoea, ana watoto wazuri na duka lake linajulikana. Ninalowaza ni ule muda mfupi kwenye tambarare, choroko zinamwagika, na kwamba tungeweza kushuka, tukakaa kwenye jiwe, tukachelewa kwa raha zetu. Tusingepoteza chochote ambacho hakikuwa kimeshapotea.

Asubuhi ya kuondoka Tekla alinifungia magimbi kwenye jani la mgomba, akalifunga kwa ukambaa wa mgomba uleule kama mama yake alivyokuwa akifunga. Watu walikuwa wameanza kwenda kanisani. Nilimwambia asinisindikize, ana wageni. Nilipofika barabarani simu ikaita, binti yangu, anauliza nitafika nyumbani saa ngapi ili ajue abandike nini. Nilifungua mdomo nimtajie saa, maana ulimi wangu umezoea. Nikamwambia sijui, mama, wewe kula tu, nitakuja.

Kisha nikaizima simu, nikavua saa mkononi nikaitia mfukoni, nikaiegemeza baiskeli kwenye lile jiwe. Lilikuwa bado na baridi ya usiku. Huko juu kwaya ilianza, bila ile sauti nene. Nikakaa, nikalifungua jani mapajani, nikala gimbi moja, nikala la pili, sikuharakisha, nikayamaliza yote mpaka nazi iliyobaki kwenye jani nikaifuta kwa kidole.